Mtoto Mgonjwa wa Amsterdam

Kila mama aliyewahi kusafiri mbali anaijua siku ya mwisho ya safari. Mwili uko ugenini, lakini akili imeshafika nyumbani. Unawaza kama watoto wamekula, kama sare zimefuliwa, kama baba watoto amekumbuka kulipia maji. Halafu iko ile orodha: viatu vya kitinda mimba, mkoba wa wifi, kitambaa cha mama mkwe, na chochote cha kuwagawia majirani ambao hawasahau kuuliza umewaletea nini. Siku ya mwisho ni siku ya maduka. Hivyo ndivyo nilivyoamini hata mimi, mpaka mwezi wa tisa mwaka 2024.

Tulikuwa akina mama sita wa usharika mmoja. Tulikuwa tumekaa Ujerumani wiki mbili, tukiwa wageni wa usharika rafiki, na ndege ya kuturudisha Kilimanjaro ilikuwa iondokee Amsterdam, nchini Uholanzi. Tulifika huko kwa treni usiku, tukabakiwa na siku moja nzima kabla ya kupanda ndege kesho yake asubuhi.

Wakati wa kuagana, mwenyeji wetu mmoja, mama mzee aliyestaafu ualimu, alinishika mkono na kuniachia bahasha. Ndani yake zilikuwamo tiketi sita za jumba la makumbusho liitwalo Rijksmuseum, na nyingine sita za makumbusho ya mchoraji Vincent van Gogh. Tiketi moja ya jumba moja ilikuwa zaidi ya yuro 20. Piga hesabu mwenyewe.

"Maduka mnayo hata kwenu," alituambia kupitia kwa mkalimani. "Nendeni mkaone."

Tulipofika hotelini palizuka mjadala. Mmoja wetu alisema wazi, "Jamani, picha? Nirudi nyumbani niwaambie wanangu kwamba mama yenu alikuwa anazunguka kutazama picha za ukutani?" Mwingine aliuliza kama tiketi hizo zingeweza kurudishwa, tupewe fedha. Mama Mchungaji ndiye aliyekata shauri. "Zawadi haichaguliwi," alisema. "Asubuhi picha, jioni maduka." Tukalala.

Wanaume wakubwa na bakuli la maziwa

Rijksmuseum ni jumba la matofali mekundu lililofunguliwa mwaka 1885. Ni kubwa mno, na katikati yake chini pana njia ambayo watu hupita na baiskeli zao wakienda kazini, kana kwamba wanakatisha uwanja wa shule. Tuliacha makoti na mifuko yetu pale chini, tukapanda ngazi.

Mwisho wa ukumbi mkuu iko picha ambayo watu hutoka pande zote za dunia kuja kuiona. Huitwa Lindo la Usiku, na ilichorwa na Rembrandt mwaka 1642. Ina kimo cha karibu mita 4 na upana wa zaidi ya mita 4, nayo inaonyesha wanamgambo wa mji wakijiandaa kutoka na bunduki, mikuki na ngoma. Tuliikuta imezungukwa na kizimba cha kioo, kwa kuwa tangu mwaka 2019 wataalamu wamekuwa wakiichunguza na kuitengeneza mbele ya macho ya watazamaji. Niliona ni picha ya wakubwa, nikataka kupita.

Lakini maelezo tuliyosikilizishwa yalinisimamisha. Mwaka ule ule Rembrandt alipomaliza kazi hiyo, mkewe Saskia alifariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 29. Watoto wao watatu wa kwanza walikuwa wamekufa wangali wachanga, na aliyebaki ni Titus, ambaye hakuwa ametimiza hata mwaka mmoja. Kwa hiyo yule bwana, alipokuwa anazipaka dhahabu nguo za matajiri wa mji, nyumbani kwake palikuwa na mgonjwa wa kufa na mtoto wa kunyonya. Niliitazama upya ile picha. Ni wangapi kati yetu tunaokwenda kazini tumevaa vizuri, huku tumeacha msiba nyumbani?

Hatua chache kutoka hapo iko picha ndogo ya Johannes Vermeer, ya mwaka 1660 au karibu na hapo. Mtumishi wa jikoni, mwanamke mwenye mikono minene iliyozoea kazi, anamimina maziwa kutoka kwenye mtungi. Mezani kuna mikate. Basi, hakuna kingine. Lakini mchoraji amemtazama mwanamke huyo kwa heshima ambayo kwa kawaida hupewa malkia. Sote sita tulisimama kimya. Yule aliyetaka tiketi zirudishwe alisema polepole, "Kumbe hata kumimina maziwa ni kazi ya kuchorwa."

Vermeer alifariki mwaka 1675 akiwa na miaka 43. Alimwachia mkewe Catharina watoto 11 na madeni. Deni moja lilikuwa la mwoka mikate, na mjane huyo alilazimika kumpa picha mbili za marehemu mumewe kwa ajili ya mikate ambayo watoto walikuwa wameshaila. Leo picha ya Vermeer haina bei mtu wa kawaida anayoweza kuitaja. Wakati ule ilikuwa dhamana ya mkate.

Mama aliyempakata mwanawe

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii.

Katika jumba hilo hilo iko picha ya Gabriel Metsu iitwayo Mtoto Mgonjwa. Ni ndogo, haizidi sana ukurasa wa daftari kubwa. Ilichorwa kati ya mwaka 1664 na 1666, wakati Amsterdam ilikuwa imetoka kupigwa na tauni iliyoua maelfu ya watu. Mwanamke amekaa kitini, amempakata mtoto. Pembeni kuna chombo cha uji ambacho mtoto hakukimaliza. Ukutani nyuma yao, gizani kidogo, inaonekana picha ya Bwana Yesu msalabani.

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi wodi ya watoto zaidi ya miaka 20. Niliitazama ile miguu ya mtoto jinsi ilivyolegea, ile ngozi iliyokosa damu, yale macho ambayo hayamtazami mtu yeyote, na kabla sijajua ninafanya nini nilijikuta natafuta kwa macho mahali pa kumpima mapigo ya moyo. Mchoraji huyu alikuwa amemwona mtoto mgonjwa kweli. Hakutunga.

Kisha nikamtazama mama, na magoti yangu yakaisha nguvu. Nilikaa kwenye benchi lililokuwa karibu.

Wasomaji wapenzi, nitawaeleza jambo ambalo nililinyamazia miaka mingi. Nilikuwa nimetoka kuhitimu stashahada yangu, nina miaka 20 na kitu, nimepangwa zamu ya usiku. Wodi ilikuwa imejaa, vitanda vingine vikilaza watoto wawili. Aliletwa mtoto wa miaka miwili hivi, mwenye malaria kali na upungufu wa damu. Mama yake alikuwa amempakata. Tulimwekea dripu, tukafanya yote yaliyowezekana kwa vifaa tulivyokuwa navyo.

Saa nane ya usiku nikamkuta mama yule bado amempakata mwanawe, amekaa pembeni mwa kitanda. Mimi nilikuwa mpya, nazishika kanuni kama zilivyo. Nikamwambia, "Mama, mlaze mtoto kitandani, dripu itachomoka. Wewe nenda ukakae kwenye benchi pale nje, tutakuita." Alinitazama. Akasema, "Sista, anatulia nikiwa nimemshika." Nikamchukua mtoto mikononi mwake, nikamlaza. Mama akatoka.

Nilihangaika na wengine. Niliporudi kwenye kitanda kile, alfajiri ikiwa bado, mtoto alikuwa ameshakwenda. Nilitoka nje kumwita mama. Hakupiga kelele kama wengi wafanyavyo. Aliuliza tu, "Sista, mbona ulinichukulia?"

Daktari aliniambia kwamba mtoto yule alikuwa amechelewa kufikishwa, na kwamba asingepona hata kama angebaki mapajani. Ni kweli, na kitaalamu nalijua hilo. Lakini hilo silo aliloniuliza mama. Hakuniuliza kwa nini mtoto amekufa. Aliniuliza kwa nini alikufa peke yake.

Nililijibu swali hilo kwa miaka mingi kwa kufanya kazi kwa bidii. Niliimba kwaya, nilifundisha shule ya Jumapili, nilitembelea wagonjwa majumbani. Sikuwahi kulitamka kwa mtu. Na sasa hapa, katika mji wa watu nisiowajua, mchoraji aliyekufa zaidi ya miaka 350 iliyopita alikuwa amemwacha mama yule apakate mtoto wake. Hakuna muuguzi aliyemwondoa. Uji umewekwa pembeni, dawa zimeshindwa, na lililobaki ni mapaja ya mama. Mchoraji aliona kwamba hilo nalo linastahili kutunzwa.

Mama Mchungaji alikuja akaketi kando yangu. Hakuuliza kitu. Nilimsimulia yote pale pale kwenye benchi, watu wakipita. Nilipomaliza alinishika mkono, akasema, "Mwanangu, umebeba peke yako muda mrefu." Tulikaa hapo mpaka wenzetu walipokuja kutukumbusha saa ya tiketi za pili.

Mjane aliyekataa kutupa

Makumbusho ya Van Gogh hayako mbali. Ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Vincent van Gogh alikuwa mtoto wa mchungaji. Yeye mwenyewe alijaribu kuwa mhubiri kati ya wachimba makaa ya mawe huko Ubelgiji, akawagawia maskini nguo zake, lakini waliomtuma hawakumwongezea muda. Baada ya hapo ndipo alipoamua kuwa mchoraji. Alichora kwa muda wa miaka 10 hivi tu, akaacha picha za rangi zaidi ya 800.

Tuliona picha yake ya mwaka 1885 ya familia ya wakulima wakila viazi usiku, chini ya taa moja. Nyuso zao si nzuri, mikono yao ni migumu kama mizizi. Mmoja wetu alisema, "Hawa ni watu wa kwetu kabisa, ila wamekosa ndizi." Tuliona pia Biblia kubwa aliyoichora mwaka huo huo, miezi michache baada ya baba yake kufariki. Imefunuliwa kwenye Isaya sura ya 53, ile ya mtumishi anayeteseka, na pembeni yake kuna mshumaa uliozimika.

Vincent aliugua ugonjwa wa akili. Alikaa mwaka mzima katika hospitali ya wagonjwa wa akili kusini mwa Ufaransa, na akiwa huko, mwezi wa Februari mwaka 1890, alipata habari kwamba mdogo wake Theo na mke wake Jo wamepata mtoto wa kiume, wakampa jina lake, Vincent. Alichukua turubai akachora matawi ya mlozi yaliyochanua maua meupe mbele ya anga la samawati. Mlozi huchanua mapema kuliko miti mingi huko, baridi ikiwa haijaisha vizuri. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi ya mtoto. Akina mama, tuache kuwaficha ndugu zetu wanaougua akili kana kwamba hawana tena kitu cha kutoa. Mgonjwa wa akili ndiye aliyechora picha ile, na mimi katika maisha yangu sijaona zawadi ya mtoto mchanga iliyo nzuri kuizidi.

Julai ya mwaka ule Vincent alifariki kwa jeraha la risasi, akiwa na miaka 37. Miezi sita baadaye Theo naye akafa. Jo akabaki mjane wa miaka 28, na mtoto ambaye hajatimiza hata mwaka, na nyumba iliyojaa picha ambazo hazikuwa na wanunuzi. Wengine walimshauri aachane nazo.

Hakuziacha. Alirudi Uholanzi, akafungua nyumba ya kupangisha wageni ili amlee mwanawe, na picha zile akazitundika kwenye kuta za nyumba hiyo. Usiku alisoma barua ambazo ndugu wale wawili walikuwa wakiandikiana. Aliandaa maonyesho, likiwamo moja kubwa mjini Amsterdam mwaka 1905. Mwaka 1914 alizichapisha barua. Alifariki mwaka 1925. Mwanawe, yule mtoto wa maua ya mlozi, alizitunza picha zilizobaki, na kutokana nazo makumbusho yale yalifunguliwa mwaka 1973. Picha ya maua ya mlozi haikuuzwa kamwe.

Nilisimama mbele ya maua yale nikawaza juu ya Jo akifua mashuka ya wapangaji. Dunia nzima inamjua Vincent. Kama si mwanamke aliyekuwa na mtoto mgongoni na sufuria jikoni, huenda tusingemjua.

Viatu vya Memorial

Tulipotoka, maduka yalikuwa yanakaribia kufungwa. Tulipata biskuti za duara zenye shira katikati, na mimi nilikuwa nimeshanunua kadi moja ya posta kwenye duka la makumbusho. Viatu vya kitinda mimba nilimnunulia mtumba pale Memorial, Moshi, na huenda vilitoka huko huko Ulaya. Hakuna aliyenilaumu.

Kadi ile ni ya Mtoto Mgonjwa. Niliibandika ndani ya mlango wa kabati la wauguzi. Mwanzoni wenzangu waliuliza, nikawaeleza, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kunisimulia za kwao. Nilijifunza kwamba karibu kila muuguzi ana mtoto mmoja ambaye hajamsahau.

Kisha nilipeleka ombi kwa umoja wa akina mama wa usharika. Walichanga, fundi seremala akatengeneza viti vinne vyenye mgongo na mahali pa kuegemeza mikono. Vimewekwa katika wodi yetu. Mkono wenye dripu ukifungwa vizuri kwenye kibao, mtoto anaweza kupakatwa, na muuguzi akaendelea kumhudumia hapo hapo. Wapo wagonjwa ambao ni lazima walazwe, na hilo tunamweleza mama kwa upole. Lakini inapofika saa ambayo dawa hazina tena la kufanya, hatumwondoi mtoto mikononi mwa mama yake. Tunamwambia mama akae, tunampa maji ya kunywa, nasi tunakaa naye.

Nawe mama unayeuguza, usiogope kuuliza: "Sista, naweza kumpakata?" Swali hilo si usumbufu.

Ukiipata siku kama hiyo

Labda nawe utasafiri, kwa ajili ya kanisa, masomo, au kumtembelea mwanao aliye ughaibuni. Ukibakiwa na siku moja, haya yatakusaidia:

1. Tiketi zikatwe mapema. Makumbusho ya Van Gogh huuza tiketi kwa intaneti tu, na kila tiketi ina saa yake ya kuingia. Katika majumba yote mawili niliyoyataja, walio chini ya miaka 18 huingia bure.

2. Usitake kuona vyote. Jumba moja au mawili yatosha, na ndani yake picha tano au sita. Ukikimbia utarudi na maumivu ya miguu tu.

3. Mbele ya kila picha, tazama kwanza kabla ya kusoma maelezo. Tazama mikono ya watu. Mikono husema kweli.

4. Vaa viatu ulivyovizoea, kula kabla ya kuingia, na usiguse picha hata kidogo. Mifuko mikubwa huachwa nje.

5. Nenda na mtu unayeweza kukaa naye kimya.

Na kama safari haipo, usisikitike. Makumbusho ya Taifa yapo Dar es Salaam, na Nairobi pia. Pale Oysterbay, Dar es Salaam, wachoraji wa Tingatinga wanachora kila siku mbele ya wapita njia, na ukitazama kinyago cha Kimakonde cha watu waliobebana, mmoja juu ya mwingine, utakuta humo akina mama wengi. Wapeleke watoto wako Jumamosi moja. Na yule anayechora chora kwenye kurasa za nyuma za daftari, kabla hujamchapa, itazame kwanza picha aliyochora. Pengine amekuchora wewe, ukimimina maziwa.

Yule mama wa usiku ule sijawahi kukutana naye tena. Kama yu hai, naye atakuwa ameanza kuota mvi kama mimi. Swali lake silijibu tena kwa kukimbia. Kila ninapofungua kabati kuchukua dawa, namwona mama wa Amsterdam amempakata mwanawe, nami nageuka kutazama kama viti vyetu vyote vinne vina watu.